Kufunga vyombo vya umeme vya zamani ili vifike vizima

Mzigo ulifika siku moja kabla ya ahadi, na boksi halikuwa na hata kovu. Nilikata utepe kwa furaha ya mtoto wa sikukuu. Ndani kulikuwa na feni ya mezani ya miaka ya 1930, yenye kitako cha chuma cha kusubu na mapanga ya shaba ya njano. Shingo yake ilikuwa imekatika kabisa. Mota ililalia mapanga, na kizimba cha waya kilibonyea kama tenga lililokaliwa. Muuzaji alikuwa ameizungushia nailoni ya viputo tabaka moja, akajazia magazeti, akaamini kazi imekwisha.

Kwa muda mrefu nilimlaumu mbebaji. Lakini kama boksi lingegongwa au kurushwa vibaya, lingekuwa na alama. Nadhani lilidondoka tu, likatua bapa, kama kifurushi chochote kinavyoweza kudondoka kutoka mkononi au kwenye mkanda wa kuchambulia mizigo. Boksi lilisimama sakafuni. Mota nzito iliyokuwa ndani haikusimama, ikaendelea na safari, na kilichokuwa kikiizuia ni shingo nyembamba ya chuma kizee. Feni ilijivunja yenyewe.

Ndiyo maana katika mwongozo huu kinachofungwa kwanza ni uzito wa chombo. Mikwaruzo na vumbi vinafuata baadaye.

Hatua ya 1: Tafuta mahali kitakapovunjikia

Kabla hujagusa boksi, kiweke chombo mezani ujiulize maswali mawili: uzito umekaa wapi, na umeshikiliwa na nini? Mikseri ya kusimama ina mota kichwani, na kichwa hicho chote hukaa juu ya bawaba moja. Redio ya valvu, yaani ya zamani inayotumia vichupa vya kioo, ina transfoma nzito upande mmoja wa chesisi (fremu ya bati inayobeba vifaa vya ndani), na chesisi yenyewe imeshikwa na skrubu chache kwenye gamba jepesi. Feni unaijua tayari. Ukisukuma kidogo kwa kidole ukaona kitu kinacheza, hapo ndipo patakapoachia.

Halafu angalia chombo kimetengenezwa kwa nini, maana kila kitu huvunjika kwa namna yake. Bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani ambayo Leo Baekeland aliivumbua mwaka 1907, haiogopi joto, ndiyo sababu ilitumika sana kwa mipini, vitasa na magamba ya redio. Lakini haipindi hata kidogo. Ikipigwa hupasuka, na kwa kuwa ikishakauka haiyeyuki tena, huwezi kuiunganisha kwa moto kama plastiki za siku hizi. Katalini, plastiki ile ya rangi ya asali iliyopendwa kwenye redio za miaka ya 1930 na 1940, ina ubaya wa ziada: husinyaa kadiri miaka inavyokwenda. Gamba linaweza kuwa limeshaibana chesisi iliyo ndani, limejaa mkazo, likisubiri pigo dogo tu.

Chuma cha kusubu kinadanganya. Ukikibeba unahisi kingeweza kubomoa ukuta, kumbe kikianguka hukatika kama chungu. Usikihurumie kioo ukasahau kitako cha cherehani. Vyombo vingine vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vina sehemu za aloi ya zinki iliyoanza kuoza kwa ndani. Ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye gia au kishikio, sehemu hiyo ihesabu kuwa ni biskuti.

Ndani ya vibaniko vya mkate kuna mika, karatasi nyembamba za madini zilizozungushiwa waya wa joto. Mika huambuka kama ganda la kitunguu, na ikivunjika waya hulegea na kugusa bati. Kibaniko kinaweza kufika kinang'aa nje, huku ndani kikiwa hatari.

Hatua ya 2: Amua kama kinapaswa kusafiri kwa kifurushi

Baadhi havipaswi. Friji ya General Electric iliyoitwa Monitor Top, iliyoingia sokoni mwaka 1927 ikiwa na kompresa yake juu ya kabati kama kofia, huwezi kuilaza. Ukiilaza, mafuta ya kompresa huhama mahali pake. Tena nyingi kati ya hizo zilitumia dioksidi ya salfa kama gesi ya kupozea, gesi yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Bomba likipasuka njiani, atakayeumia ni dereva. Kitu kama hicho hufungwa wima kwenye paleti ya mbao na kampuni inayosafirisha mizigo mikubwa, au mnunuzi akifuate mwenyewe. Mashine za kufulia zenye roli za kukamulia nazo ni hivyo hivyo.

Jambo jingine ni asbesto, madini ya nyuzi nyuzi ya kuzuia joto ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Pasi, vibaniko na hita za zamani mara nyingi zilikuwa na asbesto kwenye waya za umeme au kwenye vibao vya kuzuia joto. Ukiona kitambaa cheupe au cha kijivu kinachochanika nyuzi nyuzi, usikikune wala kukipiga brashi. Zungushia sehemu hiyo nailoni, uifunge isivuje vumbi, na umwambie mnunuzi mapema. Vibao vilivyokwisha kumomonyoka mimi sisafirishi kabisa.

Hatua ya 3: Piga picha

Picha za pande zote, nambari ya modeli, kila mkwaruzo wa zamani, na video fupi ikionyesha chombo kikifanya kazi, kama kinafanya. Utaendelea kupiga picha kila tabaka unapofunga. Inachukua dakika kumi, na ukifika kwenye madai ya fidia ndiyo silaha pekee utakayokuwa nayo.

Hatua ya 4: Vua kinachovulika, acha kinachokataa

Kanuni yangu: kila kitu kinachotoka bila kulazimishwa, kitoke. Bakuli za mikseri, vikorogeo, jagi la blenda, trei ya makombo ya kibaniko, vitasa vya redio vinavyovutika kwa vidole, mabomba na brashi za kifyonza vumbi. Kila kimoja kifungwe peke yake. Bakuli la kioo lisikae kamwe ndani ya bakuli lingine bila sponji katikati, na lisikae chini ya kichwa cha mikseri kama lilivyokaa jikoni. Nimeona watu wakiiacha mikseri imekamilika, bakuli limo, vikorogeo vimo, ati ionekane nzuri ikifunguliwa. Kilichofika ni mikseri na changarawe ya kioo.

Feni ina kazi zaidi. Fungua kizimba cha mbele, legeza skrubu ndogo iliyoshika kitovu cha mapanga kwenye mhimili, kisha vuta taratibu kwa mikono miwili ukishika kitovu. Usivute panga. Panga la shaba likipinda hata kidogo, feni itatetemeka kila itakapowashwa, na kulirudisha ni kazi ya fundi mvumilivu. Kama kitovu kimeganda kwa kutu, kidondoshee mafuta mepesi ukisubiri hadi kesho yake. Bado kinakataa? Kiache, ila ujaze sponji kati ya kila panga na kizimba, mbele na nyuma.

Valvu za redio wengine huziacha mahali pake. Mimi huzitoa. Andika kwanza kila moja ilikaa wapi, au piga picha, kisha zizungushie karatasi laini na kuzipanga wima kwenye kiboksi chao. Zishike kwenye kitako unapozivuta. Ukishika kioo unaweza kukitenganisha na kitako chake. Kama maandishi kwenye kioo yanafutika kwa urahisi, usiyaguse kabisa: valvu isiyo na nambari ni mtihani kwa mnunuzi.

Cherehani inahitaji neno lake. Singer 221, ile ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 1933 na ambayo washonaji bado wanaitafuta hadi leo, ina mwili wa alumini na uzito wa takribani kilo 5, nayo huja na sanduku lake jeusi. Watu huliona sanduku hilo wakadhani limetengenezwa kwa ajili ya posta. Lilitengenezwa kwa kubebwa mkononi. Ndani yake mashine ina nafasi ya kucheza, na bawaba na gundi za sanduku ni za kizee kama mashine yenyewe. Toa mashine, ifunge kivyake, na sanduku lisafiri tupu kwenye boksi jingine au upande mwingine wa boksi kubwa. Pini ya kuwekea uzi iliyosimama juu ya mashine nayo izungushiwe sponji mpaka isiwe sehemu inayojitokeza kuliko zote, kwa sababu kitu kinachojitokeza ndicho kinachopokea pigo la kwanza.

Vibaniko vya Sunbeam T-20, vilivyotoka mwaka 1949, vinavutia kwa sababu mkate hushuka wenyewe ukiuweka. Hakuna mota, kutanuka kwa waya uliopata joto ndiko kunakoachia mkono ushuke. Mashine nyepesi namna hiyo mtikisiko huweza kuitoa kwenye vipimo vyake. Jaza vipande vya sponji laini kwenye matundu ya mkate, vikae vizuri bila kulazimisha, ili mikono ya ndani isirukeruke.

Skrubu zote ulizotoa zitie kwenye kifuko, ukifunge kwa utepe kwenye kipande cha kadibodi kikubwa kiasi kwamba hakuna atakayekitupa na takataka.

Hatua ya 5: Zuia kinachocheza

Kichwa cha mikseri kifunge kwenye nguzo yake kwa mkanda wa kitambaa, ukitanguliza sponji kati ya kichwa na kitako. Mota ya feni iegemeze: kata vipande vya sponji ngumu vijaze nafasi yote kati ya tumbo la mota na kitako, uzito ukae juu ya sponji badala ya kuning'inia kwenye shingo. Hii ndiyo hatua iliyorukwa kwenye feni yangu. Tabaka kumi za viputo kwa nje zisingesaidia, kwa kuwa tatizo lilikuwa ndani ya feni yenyewe.

Redio pia: pima kama chesisi inacheza ndani ya gamba. Ikicheza, kaza skrubu zake taratibu. Kwenye gamba la katalini usikaze chochote. Toa chesisi ufunge vitu viwili mbalimbali.

Waya wa umeme usiuzungushe kwenye chombo. Plagi ni nyundo ndogo, na ikiachwa huru itapiga kromu safari nzima. Ukunje waya, uuvalishe soksi ya karatasi, uweke pembeni. Tena waya wa PVC usigusane moja kwa moja na stairofomu, lile povu jeupe jepesi la kufungia vitu. Vilainishi vilivyomo kwenye PVC huhama na kuila stairofomu, vikagandana, na vinaweza kuharibu hata gamba la plastiki lililo karibu. Niliwahi kufungua boksi lililokaa stoo kwa miezi nikakuta waya umejichimbia handaki.

Hatua ya 6: Mavazi ya kwanza

Juu ya rangi, kromu au nembo za dhahabu weka kwanza karatasi laini nyeupe isiyo na maandishi. Magazeti huacha wino. Nailoni ya viputo ikigusa rangi ya zamani moja kwa moja, hasa kwenye joto, inaweza kuacha duara duara zisizofutika. Baada ya karatasi ndipo viputo, na viputo vikubwa kwa chombo kizito, kwa sababu vile vidogo hulala na kupasuka. (Nailoni hiyo, kwa taarifa yako, ilianza mwaka 1957 kama jaribio la kutengeneza karatasi ya kupambia ukuta.) Utepe wa gundi ugandishwe kwenye nailoni, wala usiguse chombo. Utepe ukibanduka kwenye nembo ya cherehani huondoka na nembo.

Malizia kwa mfuko wa nailoni. Mzigo ukinyeshewa, utashukuru.

Hatua ya 7: Boksi ndani ya boksi

Boksi la ndani likishike chombo kisawasawa. Boksi la nje liwe kubwa kiasi cha kuacha angalau sentimita 5 kila upande, juu na chini pia. Kwa chombo kinachozidi kilo 8 hivi, mimi huacha 8. Nafasi hiyo ndiyo breki. Boksi la nje likianguka, la ndani linahitaji njia ya kusimama polepole.

Sasa, breki hiyo ujaze nini? Hapa ndipo wengi hupotea. Chembe laini za povu, zile kama karanga, zinafaa kwa kikombe. Chombo kizito huzama ndani yake kwa mtikisiko, saa baada ya saa, mpaka kikae sakafuni mwa boksi bila kinga yoyote. Magazeti yaliyokunjwa hubanwa mara moja yasirudi tena. Ninachotaka ni bamba la povu la polietilini, lile gumu linalorudi ukilibonyeza, likatwe vipande vya kona na vya chini. Ukikosa, vipande vya godoro kuukuu vya sponji nzito vinafanya kazi, au mirija ya kadibodi iliyopangwa wima. Povu la kupuliza la mafundi ujenzi usilitumie kabisa. Hutanuka kwa nguvu, hutoa joto, na likigusa chombo halibanduki.

Boksi lenyewe liwe jipya na la kuta mbili. Boksi lililowahi kusafiri limeshapoteza nguvu kwenye kona hata kama linaonekana zima.

Usipuuze gharama: kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, zikatoza kwa ule mkubwa. Hesabu ya kawaida ya mizigo ya kimataifa ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 40 linatoka kilo 16, hata kama feni iliyomo ina kilo 7. Ndiyo sababu wauzaji huminya sponji. Mwambie mnunuzi bei ya kweli kabla ya kuuza, usije ukalazimika kuchagua kati ya faida yako na shingo ya feni.

Kabla ya kufunga la nje, litikise. Lielekeze kila upande, sikiliza. Ukisikia hata mchakacho, fungua. Halafu ujiulize kwa ukweli: ningeweza kuliachia boksi hili kutoka kiunoni? Kama moyo unasita, bado hujamaliza.

Hatua ya 8: Utepe na maandishi

Utepe mpana wa kufungia mizigo, upite katikati ya mfuniko na kwenye kingo zote mbili, juu na chini. Mishale ya kuonyesha upande wa juu na alama ya glasi, zile za kiwango cha ISO 780, ziwekwe pande nne. Ila usizitegemee. Mashine ya kuchambua mizigo haisomi. Ndani, juu ya kila kitu, weka karatasi yenye anwani ya mpokeaji, na mchoro unaosema nini kimetolewa na kinarudi vipi.

Bima

Kata bima ya thamani halisi, lakini soma kipengele cha ufungaji kwanza. Sababu rahisi kuliko zote ya kukataa madai ni kwamba mzigo haukufungwa ipasavyo, na hapo picha za kila tabaka ndizo zitakazokusemea. Vitu vya kale navyo mara nyingine vimetengwa kwenye masharti, au vina kikomo cha fidia.

Kama wewe ndiye mnunuzi

Muuzaji wako huenda ni mtu aliyekuta feni kwenye dari ya babu yake. Hana ubaya, hajui tu. Mwandikie kabla hajafunga, kwa upole, na umlipe gharama ya ziada:

"Habari ndugu. Nashukuru kwa feni, nimeipenda sana. Naomba msaada mmoja kabla hujaifunga: kizimba na mapanga vitolewe na kufungwa kando, na chini ya mota uweke sponji ngumu ili isining'inie. Naomba pia maboksi mawili, moja ndani ya jingine, yakiwa na nafasi ya sentimita 5 yenye sponji pande zote. Gharama ya vifaa na muda wako nitaiongeza kwenye malipo. Ukiweza, nitumie picha kabla ya kuziba. Asante sana."

Nimetuma ujumbe wa namna hiyo mara nyingi. Aliyewahi kukasirika ni mmoja, na nikamrudishia mali yake kabla haijaondoka, kwa amani.

Mzigo ukifika, piga picha za boksi pande zote kabla hujasaini, na kama limebonyea andika hivyo kwenye hati ya mapokezi. Kama hali ya hewa imebadilika sana kati ya huko na huku, liache saa kadhaa limefungwa ili unyevu usigande kwenye vyuma. Fungua ukirekodi video.

Halafu usichomeke. Najua mkono unawasha. Angalia kwanza kama mika imevunjika, kama waya umechunika, kama mapanga yanazunguka kwa kidole bila kugusa kizimba, kama kuna kitu kinachogonga ndani ukikiinamisha chombo. Redio ya valvu isubiri fundi hata kama imefika nzima, kwa sababu kapasita zake za zamani (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji) zinaweza kufa kwa umeme wa ghafla na kuichukua transfoma pamoja nazo.

Ukikuta kimevunjika, andika barua ya madai siku hiyo hiyo. Muda ni mfupi: kwa mizigo ya ndege ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unatoa siku 14 tangu kupokea, na masharti ya kampuni nyingine huwa mafupi zaidi. Usitupe boksi wala sponji mpaka madai yaishe, kwa sababu mkaguzi anaweza kutaka kuviona. Na pepeta kila kilichobaki chini ya boksi kabla hujakikunja. Bakelaiti iliyovunjika vipande sita inaungika kwa gundi ya epoksi ikiwa vyote sita vipo. Kipande cha saba cha shingo ya feni yangu, kidogo kama punje ya mahindi, nilikikuta ndani ya kunjo la gazeti siku tatu baadaye.